Utafiti wa dawa za akili uanze kwa wanaozinywa

Mimi ni daktari wa maneno, wala si daktari wa miili. Nalitanguliza hili kwa sababu siku niliyofika Magogoni, ng'ambo ya daraja la Nyali, kuchelewa kulisema kuliniponza. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko, alinijulisha kwa mamake kwa cheo nilichopewa na chuo kikuu. "Mama, huyu ndiye yule Daktari niliyekwambia." Bi Mkubwa huyo akainuka, akaingia chumbani, akarudi na bahasha ya tembe, kadi ya kliniki na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaviweka mapajani mwangu. "Haya, mwanangu, tusomee. Tumechoka kukisia."

Karatasi ile niliitambua hata kabla sijaikunjua. Ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Miaka kadhaa nyuma, niliombwa kusanifu Kiswahili cha karatasi ya kuwaelimisha wagonjwa wa akili kuhusu dawa zao. Rasimu niliyoletewa ilikuwa nzito, imejaa sentensi zilizobeba harufu ya Kiingereza. Pahali pamoja walikuwa wameandika maneno mengi kueleza kwamba mgonjwa aendelee na dawa hadi hali yake itengemae kwa kadiri daktari atakavyoona. Nilichukua kalamu nikafupisha: "Kunywa dawa mpaka utakapopona." Maneno manne, sarufi safi, hata mtoto wa darasa la pili angeyasoma. Nililipwa ujira wangu, nikaenda zangu.

Siku hiyo Magogoni nilikuwa nimekwenda kwa shughuli nyingine ya aina hiyo hiyo. Safari hii nilipewa hojaji ya utafiti: maswali ya kupima jinsi wagonjwa walivyoielewa elimu waliyopewa kuhusu dawa. Niliombwa, kama kawaida, "kunyoosha lugha." Mwanafunzi wangu aliposikia habari hiyo alinishauri jambo ambalo mimi mwalimu wake sikulifikiri. Mdogo wake hunywa dawa hizo, na jirani yao mmoja pia. "Kwa nini, Mwalimu, usiwasomee wao kwanza?"

Basi tukaketi barazani baada ya sala ya Alasiri, watu watano: mimi, mwanafunzi wangu, mamake, mdogo wake ambaye ni fundi wa simu, na mama mmoja wa Kigiriama auzaye mahamri na mbaazi asubuhi. Majina yao sitayataja. Yaliyosemwa pale ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya, maana katika muda wa saa mbili nilijifunza kuhusu taaluma yangu mambo ambayo shahada yangu ya uzamifu haikunifunza.

Nilianza kwa kuwaonyesha fundi huyo na jirani yao ile karatasi ya zamani. Kijana akacheka kidogo, kisha akanyamaza. "Hii naijua," akasema. "Mimi niliifuata. Iliandikwa ninywe mpaka nipone. Nikanywa. Nikapona. Nikaacha."

Aliacha akiwa na miezi mitano ya usingizi mzuri, amerudi kazini, sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza. Haukupita muda mrefu zikarudi. Usiku wa nne bila kulala, nduguze walimpeleka hospitali mikono ikiwa imefungwa kwa leso za mamake. Katika faili yake, bila shaka, iliandikwa kwamba mgonjwa huyu hafuati masharti ya dawa. Lakini nawauliza wasomaji: ni nani hasa aliyevunja sharti? Kijana alitii neno kwa neno. Mwenye kosa alikuwa msanifu wa lugha, ambaye hakujua kwamba tembe hizi hazifanani na zile za malaria, ambazo mtu hupona akazisahau. Maradhi ya aina hii mara nyingi hutulizwa kabla ya kupona, na waganga aghalabu hushauri mtu aendelee na dawa kwa mwaka mmoja au zaidi hata baada ya dalili kutoweka. Kati ya "kupona" na "kupata nafuu" pana bonde, na kijana wa watu alitumbukia humo akiwa ameshika karatasi yangu mkononi.

Daktari aliyeniajiri hakuliona kosa kwa kuwa alipoisoma sentensi yangu alisikia ndani yake maana aliyokuwa nayo tayari kichwani. Mimi sikuliona kwa kuwa nilisikia ufasaha. Mtu pekee ambaye angeliona ni yule ambaye angelazimika kuitii, na huyo hakuna aliyemuuliza.

Tukaingia katika hojaji. Swali la kwanza tu lilikwama mlangoni. Lilianza hivi: "Wewe kama mtumiaji wa huduma za afya ya akili..." Kijana alinikatiza kwa adabu. "Samahani Daktari. Hapa Kisauni ukimwita mtu mtumiaji, watu wataangalia mikono yake." Alikuwa na maana ya unga, ile heroini ambayo imewamaliza vijana wengi wa pwani yetu. Nikapendekeza "mteja." Wakacheka wote, hata yule Bi Mkubwa. Ndipo nikakumbuka, kwa aibu, somo ninalowafundisha wanafunzi kila mwaka: ukimvua mtu kiambishi cha m- na kumtia katika ngeli ya vitu, umemdunisha. Mtu huwa jitu. Vivyo hivyo mteja, mnunuzi anayeheshimiwa dukani, amegeuzwa mitaani akawa "teja," na wingi wake "mateja," jina la waraibu wa unga. Maneno mawili yanayopendwa na miradi, yote mawili yana doa ambalo watafiti hawalioni kutoka ofisini.

"Sasa niwaiteje?" nikauliza. Mama wa mahamri akajibu, "Kila mtu ana jina lake. Ukitaka jina la pamoja, sema wanaokunywa dawa. Hilo ni kweli na halina matusi." Nami nimelitumia tangu hapo.

Swali jingine lilisema: "Je, unaamini kwamba dawa hizi zina manufaa kwako?" Chini yake palikuwa na visanduku vya kutia alama, kuanzia "naamini kabisa" hadi "siamini kabisa." Tulimsomea Bi Mkubwa kana kwamba ni yeye anayehojiwa kwa niaba ya mwanawe. Akajibu bila kusita, "Siamini." Nilishangaa, maana ndiye anayemhesabia kijana tembe zake kila usiku. Akanieleza kama anayemweleza mtoto: "Dawa naitumia. Ninayemwamini ni Mwenyezi Mungu. Yeye ndiye mwenye kuponya. Dawa ni sababu tu." Laiti hojaji ile ingefika kwake kwa mkono wa karani aliyelipwa kwa idadi ya karatasi, mama huyu angetiwa katika fungu la jamaa wanaozipinga dawa. Kisha makala yangeandikwa kuhusu imani za kienyeji zinavyozuia matibabu Mombasa. Kumbe tatizo lingekuwa kitenzi kimoja.

Lililofuata ndilo lililonitia baridi. Hojaji iliuliza: "Katika wiki mbili zilizopita, umesahau kunywa dawa mara ngapi?" Mama wa mahamri akasema, "Sijasahau hata mara moja." Nikaandika sifuri. Akanitazama nikiandika, kisha akasema polepole, "Lakini Daktari, usiku wa kuamkia Ijumaa na Jumamosi siinywi. Naiacha makusudi. Saa kumi alfajiri sharti niwe nimewasha jiko. Nikiinywa, naamka jua limechomoza, na siku hiyo watoto hawali." Hakuwa mwongo. Aliulizwa kuhusu kusahau, akajibu kuhusu kusahau. Sifuri yangu ilikuwa ya kweli, na bado ingempotosha kila msomaji wa utafiti huo. Mwanamke anayekosa dozi mbili kila wiki angehesabiwa miongoni mwa wanaokunywa dawa barabara. Na la kusikitisha zaidi, dawa ya tatizo lake huenda ilikuwa karibu: kumwomba mganga aangalie upya kipimo au saa ya kuinywa. Ila hakuwahi kuulizwa, naye hakuona pa kulisemea.

Tulifika kwenye madhara ya dawa. "Je, umepatwa na hali ya kutotulia?" Kijana akajibu la. Lakini nilikuwa nimeona tangu tulipoketi kwamba miguu yake haikukaa mahali pamoja. Alikuwa akiinuka, anazunguka nguzo ya baraza, anaketi tena. Nikamwuliza kuhusu hilo. "Ah, hilo! Hilo ni lingine. Miguu yataka kwenda na mimi sitaki." Mbona basi alisema la? Akaangalia chini. "Hapa kwetu mtu akiambiwa hajatulia ni mambo ya tabia. Mama akinisikia nasema sijatulia ataniuliza nimefanya nini."

Hali hiyo ya miguu inajulikana sana na waganga, na baadhi ya dawa za kutibu maradhi ya akili huileta. Tena ina hatari yake. Jamaa wakimwona mgonjwa anazunguka huku na huku hudhani maradhi yamerudi. Mganga asiyepata maelezo mazuri aweza kumwongezea dawa ile ile inayomsumbua. Neno moja lisilofaa laweza kuongeza tembe. Kijana alikuwa na jina lake la tatizo hilo, jina lenye picha kamili, ila halikuwamo katika orodha yetu.

Hata saa zilikuwa na mgogoro. Rasimu ya kwanza ya hojaji ilitaja "saa 8 usiku," kosa la mtu aliyetafsiri saa ya Kizungu bila kuigeuza. Hilo nililikamata mwenyewe, nikasahihisha kuwa saa 2 usiku, nikajipongeza. Bi Mkubwa akapendekeza iandikwe "baada ya Isha." Jirani yake, ambaye ni Mkristo, akasema kwake afadhali "baada ya chakula cha usiku." Kijana akasema chakula cha usiku chenyewe hakina saa, siku nyingine hakipo. Walibishana kwa furaha kwa muda mrefu. Nilifurahi kuusikia ubishi huo, kwa maana ulinionya dhidi ya kosa jingine: kudhani kwamba ukishamwita mmoja wao mezani, umewaita wote.

Wahenga wetu walishalisema jambo hili: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini methali twaisoma darasani kwa ajili ya mtihani, kisha twaenda kufanya utafiti kama ambao hatujawahi kuisikia.

Kosa langu lina ukoo mrefu katika nchi hii. Hospitali ya Mathari ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na Mwingereza J. C. Carothers. Kutokana na aliyoyaona kwa watu waliofungiwa humo, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, nacho kikachapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimlinganisha Mwafrika mwenye afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maandishi yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, ambamo uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ulielezwa kana kwamba ni msukosuko wa nafsi. Hivyo ndivyo utafiti unavyokuwa pale anayetafitiwa anapotazamwa bila kuulizwa. Sisi wa leo hatuna dharau ya Carothers, lakini mara nyingi tumerithi kiti chake: mmoja anauliza, mwingine anajibu, na maswali yote ni ya yule wa kwanza.

Je, kumshirikisha anayekunywa dawa kunabadilisha matokeo, au ni adabu tu? Upo ushahidi. Mwaka 2003 jarida la British Medical Journal la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa Diana Rose na wenzake, naye Rose ni mtafiti ambaye hakuficha kwamba yeye mwenyewe alipata kutibiwa maradhi ya akili. Walikusanya tafiti zilizokwisha fanywa kuhusu maoni ya wagonjwa juu ya tiba ya mshtuko wa umeme. Tafiti zilizoendeshwa na madaktari ziliripoti wagonjwa wengi zaidi walionufaika kuliko zile zilizoongozwa na wagonjwa wenyewe au kufanywa kwa ushirikiano nao. Sababu hazikuwa za kichawi. Mgonjwa aliyeulizwa hospitalini, punde baada ya tiba, na daktari wake, kwa maswali machache mafupi, alielekea kusema ameridhika. Tiba ni ile ile. Anayeuliza, mahali na wakati vikibadilika, jibu nalo hubadilika. Sisi tuliolelewa kumheshimu mgeni na kutomvunja moyo mkubwa hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Hata msamiati wa wataalamu umelazimika kuhama. Zamani Waingereza walimpima mgonjwa kwa neno lenye maana ya utii: ametii dawa au hakutii. Mwaka 1997 chama chao cha wafamasia kilitoa ripoti iliyotaka utii uachwe na badala yake pawepo maafikiano baina ya mganga na mgonjwa. Katika Kiswahili cha kliniki tumezoea "ufuasi wa dawa." Neno hilo ni jepesi kuliko utii, ila bado lamweka mtu nyuma ya kitu, akikifuata. Maafikiano huhitaji watu wawili waliokaa.

Tena sharti tukumbuke kwamba Afrika haikungoja kufundishwa haya. Kule Harare, daktari Dixon Chibanda alipoanza mwaka 2006 kuwatumia akina nyanya 14 kuwasikiliza watu wenye majonzi, benchi walilokalia liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakaliogopa. Akina nyanya wakashauri jina la Kishona lenye maana ya kiti cha kupeana mashauri. Watu wakaketi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopata msaada huo walipungukiwa na dalili zao kuliko waliopata huduma ya kawaida. Jina halikutoka kwa msomi.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana mfano unaolihusu somo letu hasa. Watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliunda mpango wa elimu kwa watu wenye skizofrenia na jamaa zao, wakaujaribu Dar es Salaam na Mbeya. Mgonjwa na jamaa yake waliketi pamoja katika mafunzo hayo. Mpango waliuita KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima. Nawaomba walimu wa Kiswahili waitazame sarufi ya jina hilo. Wangeweza kusema "kuwezesha," na hapo yupo anayewezesha na yupo anayewezeshwa. Walitia -an-, kiambishi cha kutendana, na mahusiano yote yakageuka. Vivyo hivyo, kuanzia mwaka 2018 utafiti ulioitwa UPSIDES uliwafunza watu waliopata kuugua wawategemeze wagonjwa wenzao katika miji sita ya dunia, miongoni mwayo Kampala na Dar es Salaam.

Na karibu nasi zaidi, Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI, kilichoanzishwa mwaka 1989, kimekuwa na wawakilishi wanaochaguliwa na wanavijiji ili kuwashauri watafiti. Utaratibu huo haukubuniwa kwa ajili ya maradhi ya akili, lakini unathibitisha kwamba mkulima wa muhogo aweza kuketi na profesa wakazungumzia utafiti, na mbingu zisianguke.

Najua pingamizi zitakazoletwa, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuzileta. Ya kwanza: mtu asiye na akili timamu atashauri nini? Swali hili linadhani kwamba mtu akishaugua basi ni mgonjwa saa zote, milele. Yule mama wa mahamri hukokotoa bei ya unga, mafuta na makaa kichwani upesi kuliko mimi kwa kalamu. Wakati wa ugonjwa mkali, ndiyo, aachwe apumzike na atibiwe. Hapo hata idhini yake haiwezi kuwa idhini. Ukipita wakati huo, anayo akili, na juu yake anao ujuzi ambao hatuna.

Ya pili: wachache hawawezi kuwasemea wengi. Ni kweli. Watakaokubali kuja mezani aghalabu ni wale waliopata nafuu, wenye nauli na wenye ujasiri. Dawa ya upungufu huo ni kuwaita wengi zaidi na wa namna mbalimbali, wakiwemo walioziacha dawa na walio na hasira nazo. Ukubwa wa pengo haujawahi kuwa sababu ya kutojenga daraja.

Ya tatu ndiyo nzito: je, hawatawashawishi wenzao kuacha dawa? Hapa lazima niseme wazi, kwa kuwa gazeti husomwa na wengi. Hakuna hata mmoja barazani pale aliyesema dawa zitupwe, na yeyote anayesoma haya asiache wala asipunguze dawa zake bila kuongea na anayemtibu; yaliyompata kijana wetu yamtoshe kuwa funzo. Kipimo cha dawa na hatari zake ni elimu ya daktari na mfamasia, na mimi siwezi kuihukumu. Ninachosema ni kwamba elimu hiyo husafiri kwa maneno, na mwenye kujua kama maneno yamefika ni yule aliyetumiwa.

Sheria nayo iko upande huu. Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao watu wenye maradhi ya akili walishiriki kuudai. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe kuhusu matibabu yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kisomo. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, na miongoni mwa haki zilizotajwa ni ya mgonjwa kushiriki katika kupanga matibabu yake. Iwapo ana haki ya kushiriki katika matibabu, itakuwaje asishiriki katika utafiti unaoamua jinsi atakavyoelezwa matibabu hayo?

Basi nini kifanyike? Kwanza, wanaokunywa dawa waitwe siku maswali yanapotungwa, wala wasingoje kuitwa siku ya kutia alama visandukuni. Pili, kila karatasi ya elimu isomwe mbele yao, kisha waombwe kuieleza kwa maneno yao wenyewe. Wasiulizwe kama wameelewa, maana kwa heshima watasema ndiyo. Tatu, walipwe kwa muda wao kama tunavyolipwa sisi. Mimi nililipwa kwa neno "kupona". Yule aliyelisahihisha hakulipwa kitu. Nne, matokeo yarejeshwe kwao kwa Kiswahili, yasiishie katika majarida ambayo hata watoto wao wasomi hawayapati. Na kamati za maadili za vyuo vyetu, zinazochungua kila pendekezo la utafiti, ziongeze swali moja: ni nani miongoni mwa wanaokunywa dawa hizi aliyeyaona maswali haya kabla yetu?

Wenye mradi niliwapelekea yote niliyoambiwa Magogoni. Walikubali kurekebisha swali la kusahau, wakaongeza la kuacha makusudi. Waliingiza ile miguu inayotaka kwenda. Jina "mtumiaji" walikataa kulibadilisha, wakisema ndilo linalojulikana na wafadhili. Kuhusu karatasi yangu ya zamani, mahali pa zile nne zilizoniponza tuliandika upya pale pale barazani, kijana akitamka nami nikiandika: "Ukipata nafuu usiache dawa. Nafuu yako imeegemea dawa. Ukitaka kupunguza au kuacha, kamwambie daktari kwanza, naye akusikilize." Nilitaka kuifuta sehemu ya mwisho, kwa kuwa karatasi ni ya mgonjwa na hapo inamwagiza daktari. Kijana akanizuia. "Hiyo iache, Daktari. Hiyo ndiyo itakayonifanya niende."

Walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mtakaokuwa watafiti kesho: tunafundisha kwamba mzungumzaji mzawa ndiye hakimu wa lugha yake. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetupa neno "runinga," alituonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kila jipya iwapo tutakwenda kuyatafuta kwa wenyewe. Maradhi nayo yana wazungumzaji wake wazawa. Wapo Magogoni, wapo Likoni na Changamwe, na huenda yumo mmoja katika darasa lako, ameketi dawati la nyuma, miguu yake yataka kwenda naye hataki. Kabla ya kumwandikia swali, muulize analiitaje.